Nilimsifu Mume Wangu Mbele ya Ndugu Zake, Sasa Anataka Nikanushe

Admin, tafadhali nifichie jina, maana ukoo wetu ni mkubwa na nusu yao wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Mabela, hapa Maskati. Nina miaka saba kwenye ndoa, tuna binti wa miaka sita na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Wazee wetu wote walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili na Kiarabu, chochote kinachotangulia mdomoni. Na mdomo wangu ndio ulioniponza.

Mume wangu alikuwa anasoma Kanada, tukaenda naye. Nilijifungua huyu wa pili kwa upasuaji katikati ya baridi, theluji imefika dirisha la jikoni, mama yangu kanyimwa viza, na jirani hata jina lake hatulijui. Nilikuwa nalia kila siku. Mume wangu, ambaye kwao hajawahi kuinua hata kikombe alichonywea, akawa ndiye mama yangu. Asubuhi anatoka na sepetu kuchimbua njia mpaka kwenye gari. Akirudi, kope zimeshika barafu, anaingia jikoni kunipikia uji wa pilipili manga huku mama akimwelekeza kwa simu. Alinikanda kwa maji ya moto. Alifua nguo zangu za damu kwa mikono yake, akazianika juu ya bomba la joto pale pale sebuleni.

Kumvisha binti yetu nguo za shule ilikuwa kazi ya nusu saa: soksi mbili, suruali mbili, koti, glavu, kofia, na akishafungwa zipu ya mwisho ndipo anasema anataka kukojoa. Baba yake anacheka, anaanza kumvua upya. Hata nywele alimsuka yeye, alijifunza kwa kutazama video. Siku za mwanzo mistari ilipinda, lakini mtoto alikwenda shule anaringa. Sijawahi kupendwa vile maishani mwangu, na nalisema bila haya.

Tukarudi Maskati. Hapa kuna mama mkwe, kuna mawifi, kila mtu ana nafasi yake, na mume wangu akarudi kuwa mwanamume wa kwao. Sikulalamika. Tukiwa peke yetu nyumbani bado alikuwa akimsuka binti yetu Ijumaa asubuhi, mlango umefungwa.

Wiki sita zilizopita tulikuwa Bawshar kwa mama mkwe, chakula cha Ijumaa. Wali umeshaliwa, tunakunywa chai, wanawake upande huu, wanaume upande ule, chumba kimoja. Mke wa shemeji yangu mkubwa akaanza kulalamika kwamba mumewe hajui hata sukari inawekwa wapi. Mimi fahari ikanipanda. Nikasema, tena kwa sauti, "Wangu mie kanikanda, kanifulia nguo za uzazi, na mtoto kamsuka yeye baridi nzima." Nilidhani nampandisha.

 Shemeji huyo akajipiga paja: "Yakhe, sisi tulimpeleka akasome, kumbe karudi msusi!" Wakacheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mwanawe, akamuuliza, "Nguo za damu, mwanangu?" Mume wangu akainamia kikombe chake.

Tukaingia kwenye gari, tukaipita Azaiba. Ndipo akasema, "Umenivua nguo mbele ya mama yangu."

Nikamwambia, "Wallahi nilikuwa nakusifu."

"Ungenisifu tukiwa wawili."

Tangu siku hiyo jina lake ni Msusi. Shemeji kila Ijumaa anatuma picha ya kitana kwenye grupu la familia, na watu wanaweka vicheko. Mume wangu hali chakula tena nyumbani, akitoka kazini anapitia kwa mama yake. Nikimwomba radhi anasema, "Khalas, yameisha," na mimi naona wazi kwamba hayajaisha. Binti yetu alipompelekea kitana kama alivyozoea, aliambiwa, "Nenda kwa mama yako, mie si mwanamke." Mtoto akanijia kuniuliza amekosa nini. Nilijifungia chooni nikalia.

Wiki iliyopita akanipa sharti. "Ijumaa ijayo waambie ulitia chumvi. Sema tulikuwa na mfanyakazi kule, na yeye ndiye aliyefanya yote." Nikamuuliza, "Basi na mie niseme nimekandwa na nani, na mtu ambaye hayupo?" 

Dada yangu anasema niseme tu yaishe, uongo wa kupatanisha mume na mke hauna dhambi. Huenda yuko sawa. Lakini jamani, siku za baridi ile ndizo nilizomjua mume wangu. Kila akinikasirikia huwa nazikumbuka, nasema moyoni, huyu ananipenda, nimeona kwa macho yangu. Nikizikana kwa mdomo wangu mwenyewe nitabaki na nini? Na nisipozikana, namuona anavyonitoka kidogo kidogo, na bado analala pembeni yangu. Nimechoka, nina huzuni, na kosa ni langu.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni, wao wako sebuleni. Nikamsikia anamwambia binti yetu kwa upole, upole ambao sijausikia wiki sita hizi: "Kule kwenye theluji kulikuwa na mama mmoja, yeye ndiye aliyekuwa akikusuka. Unamkumbuka?"

 Mtoto akasema, "Ndiyo baba, namkumbuka."

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini, ndugu zangu, nikifika pale niseme nini?