Nyasi za Kutandika Nyumba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mmezaliwa kwenye sakafu ya saruji, siwalaumu. Sakafu yetu sisi ilikuwa nyasi. Juzi mwanangu alileta kwa bodaboda nyasi za mbuzi kutoka mbali, maana mlima wetu umejaa mikaratusi na chini yake hakioti kitu. Aliposhusha mzigo, harufu ikanipata nikakaa chini.

Nilikuwa mdogo. Krismasi ilipokaribia nilipanda mlimani na bibi yangu kukata nyasi mpya za kutandika nyumba. Nikaona zilizosimama karibu na njia, nikazikimbilia na mundu. Bibi akanipiga mkononi.

"Hizo hazijaangusha mbegu. Mwakani unataka tulalie vumbi?"

"Mlima wote huu, bibi, nyasi zitaisha?"

"Wewe na uvivu wako mnaweza kuzimaliza."

Jioni watoto wote tuligaagaa humo, zinatuchoma shingoni, zinanukia nyumba nzima.

Bibi na watoto wale wote nimeshawazika. Nilimpa mwanangu anuse, akasema, "Mama, ni nyasi tu." Sina wa kukumbuka naye. Ninachoogopa ni kwamba mlima mzima umeisha nikiwa hai, naangalia. Ninyi mtaangalia nini kikiisha?

Nyuma ya migomba kimebaki kipande kidogo cha nyasi zile. Jana mwanangu kaja na miche ya mikaratusi aipande hapo, eti miti inauzwa haraka. Nimewaambia wa nyumbani kwangu wote: miche hiyo irudi ilikotoka leo hii, na kipande kile asikiguse mtu.