Fiwi za Evarista

Mwaka 1954 Evarista, mjane wa kijiji cha Kalenga, alikuwa muosha chupa katika maabara ya hospitali moja mjini Iringa. Hakuajiriwa kusema, lakini masikio hayatiwi kufuli. Alimsikia daktari, Mzungu mwenye haraka, akimlalamikia msaidizi wake Silvester kwamba dawa ya kupimia makundi ya damu hufika kutoka Ulaya imekwisha kuharibika njiani. Daktari alikuwa amesoma kwamba fiwi, yale maharage mapana, zisipopikwa bali zikisagwa mbichi na kulowekwa katika maji ya chumvi, maji yake huzishikanisha chembe za damu ya kundi A mabongemabonge, na ya kundi B huiacha ilivyo. Walikuwa wamejaribu fiwi zote za sokoni, hakuna iliyofaa.

Kesho yake Evarista alileta konzi moja ya fiwi zake, nyeupe zenye madoa mekundu, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Silvester akazisaga, akadondosha maji yake juu ya kioo chenye tone la damu ya kundi A. Punde damu ikakatika kama maziwa yaliyochacha.

Daktari akafurahi, akataka debe zima alilokuwa nalo nyumbani. Evarista akamwambia atapata vibaba viwili, zilizobaki ni za kupanda. Daktari akakumbusha kwamba wagonjwa wanangoja.

"Hawa wa mwaka huu wanangoja," Evarista akasema. "Na wa mwakani utawapimia nini?"

Daktari hakuzoea kuulizwa na muosha chupa. Akamfukuza kazi siku hiyohiyo, kisha akampelekea jumbe wa Kalenga barua kwamba debe lile lichukuliwe.

Jumbe alipofika na watu wawili, Evarista alikuwa anatoka shambani, matope hadi magotini, kwa kuwa mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Wakasalimiana "kamwene" kwa adabu zote. Jumbe akasoma barua. Evarista akamwonyesha debe: tupu.

"Zimo ardhini, baba. Mkitaka, fukueni. Lakini jumbe anayefukua mbegu ya watu, mkewe atakuja kuomba mbegu kwa nani?"

Jumbe akalitazama shamba. Akaikunja barua, akaondoka.

Miezi ile ilikuwa migumu. Evarista alilima vibarua, akala mlenda bila chumvi, wala hakupeleka mtu kumwombea msamaha. Fiwi zilipokauka, Silvester alikuja kwa baiskeli na salamu za daktari: arudi kazini, alete na mbegu.

Mbegu alipeleka, vibaba viwili, akiwa amezibeba mwenyewe kichwani. Kazi akaikataa. Alitaka jambo moja, aonyeshwe upimaji wenyewe, na akasimama mlangoni mpaka daktari akasogeza kiti. Siku ile alipima damu za watu wanne kwa mkono wake, akataja kwa sauti nani ni wa kundi A na nani siye, na Silvester akaandika.

Kila mwaka baada ya hapo alipeleka vibaba viwili. Daktari aliomba vitatu mara nyingi. Hakupewa.