Sumaiya na Picha Aliyoikataa

Jua la asubuhi linaingia kwa nguvu katika sebule ya nyumba moja Msambweni. Sumaiya Abdurahman anapanda kigoda, anatundika shuka jeupe dirishani, kisha anashuka na kuutazama ukuta. Mwanga umelainika. Kabla ya kugusa kamera, anamsogezea mto mama mmoja aliyeketi mkekani.

"Shikamoo, Bi Asiya. Mgongo umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Huo umeamka kabla yangu," anajibu Bi Asiya, na wenzake wanacheka.

Sumaiya, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hupiga picha za filamu na televisheni. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mpigapicha mkuu wa tamthilia. Leo anarudia kupiga picha ya ngoma ya wanawake harusini, na hana nafasi nyingine. Jioni nyumba inarudishwa kwa wenyewe.

Ngoma hiyo ilipigwa picha mara ya kwanza jana. Akina mama wa mtaa walikubali kuigiza wageni kwa sharti moja: asionekane mwanamke aliye kichwa wazi. Chakacha ilipokolea, mtandio wa Bi Asiya ukaanguka. Akacheka, mvi zake zikiwa wazi, na kamera ikamnasa.

"Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," anasema Sumaiya. "Sikatai."

Cliff, mwongozaji kutoka bara anayeishi Ukunda, aliiona kwenye skrini barazani, akaipenda papo hapo. Akina mama walipotoka, alimwendea Bi Asiya na kumwomba ruhusa kwa adabu. Bi Asiya akainamisha macho.

"Haya, mwanangu. Kazi ni yenu."

Cliff akarudi akitabasamu. "Amekubali. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Amekataa."

"Sumaiya, mama amesema haya."

"Amesema haya kwa sababu wewe ni mgeni, hataki uondoke mikono mitupu. Angeridhika, angekuuliza itaonyeshwa lini awaambie wajukuu."

"Nyinyi watu wa Pwani mtaniua na hii heshima," Cliff akasema. Lakini akampa asubuhi moja. Sumaiya akipata picha ya kuishinda ile, ya jana itafutwa. Asipopata, itaingia.

Sumaiya alizaliwa Mkwiro, ambako mamake bado analima mwani. Alianzia kwenye harusi za Ukunda, katika vyumba vya wanawake ambamo wapigapicha wa kiume hawaingii. Kamera alikuwa akiikodi, na siku nyingine alirudi nyumbani na shilingi mia tano tu. Hannah, jirani yake anayefua nguo katika hoteli moja Diani, alimwona akihangaika na jua kali, akampa shuka lake mwenyewe. Ndilo hili la dirishani. Viraka vyake viwili pia ni kazi ya mkono wa Hannah.

"Mama akikuruhusu chumbani, amekukabidhi stara yake," anasema Sumaiya. "Ukiitoa nje mara moja, hutaingia tena. Wala hustahili."

Ngoma inaanza. Safari hii Sumaiya amelala kifudifudi, kamera iko chini kabisa. Anafuata nyayo zenye hina, pindo za leso, vivuli vinavyoyumba ukutani. Bi Asiya amebanwa mtandio kwa pini pande zote.

"Mmenifunga kama gunia la nazi," anawatania wenzake. Kisha anaingia katikati na kucheza bila kugusa kichwa hata mara moja. Sumaiya anainua kamera polepole, kutoka miguuni hadi usoni. Jasho linamtiririka mama wa watu, naye anacheka kwa raha zake.

Barazani, Cliff anaitazama picha, anairudisha nyuma, anaitazama tena.

"Jana alicheka kwa kushtuka," anasema mwishowe. "Futa ile."

Sumaiya anaifuta picha ya jana, Bi Asiya akiwa kando yake, akiona kwa macho yake. Bi Asiya anamshika bega, haondoi mkono haraka.

"Na hiyo tamthilia itaonyeshwa lini?" anauliza. "Nina wajukuu Ramisi."

Tamthilia ikimalizika, Sumaiya anataka kupiga filamu yake mwenyewe, kuhusu wanawake wanaolima mwani Mkwiro. Wenzake wamemshauri aanze mara moja, kabla mwingine hajaliwahi wazo hilo. Yeye amepanga vingine.

"Kamera nitaiacha nyumbani kwanza," anasema. "Nitaingia majini na mama, nifunge mwani kwenye kamba kama wanawake wenzangu. Siku watakayoniuliza kamera yangu iko wapi, ndiyo nitaanza."