Hapo Mbele Tu

Swali la tatu kwenye fomu lilikuwa "Unaenda wapi?" na ndilo lililonitia wazimu. Kaunti ilitaka kujua kwa nini mji wetu wa Meru unakwama kila asubuhi, kuanzia Gakoromone hadi njia ya Nkubu. Kama magari mengi yanapita tu, ingechorwa baipasi ya kuuzunguka mji. Kama yanaishia mjini, ingetafutwa stendi kubwa zaidi. Mimi na wenzangu tukapewa jaketi za kung'aa, kalamu na kazi ya kuwauliza waliokwama.

Sasa, jaribu kumuuliza Mmeru anakokwenda. Mwenye lori la viazi, hapo mbele. Mama aliyepakata kuku wawili, hapo mbele. Kwetu mtu hamwambii mgeni safari yake, nami nimelelewa hivyo hivyo, lakini nilikasirika kana kwamba nimezaliwa kwingine. Nilimuuliza mkubwa wetu wa kazi tuandike nini.

"Weka mjini," akasema. "Kompyuta haijui hapo mbele."

Nikaandika mjini, mjini, mjini, hadi nikashindwa kuelewa mji huo uliwatosheaje watu wote hao.

Jumanne ya kwanza nilimwona baba yangu kwenye foleni. Alikuwa ndani ya pikapu ya jirani yetu, amevaa koti lake la kanisani, na shingo imepungua ndani ya kola. Nyumbani ni mbele kidogo ya Kinoru, karibu kabisa, na nilikuwa sijafika miezi miwili. Aibu hiyo ni yangu. Nilipomuuliza jirani swali la tatu hakunijibu, alimgeukia baba.

"Unaenda wapi, baba?" nikauliza.

"Hapo tu, baba."

Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Foleni ikasonga, nikaandika mjini. Siku nzima nilijiuliza ni nini anachofuata mjini Jumanne na koti la Jumapili.

Jumanne ya pili nilipelekwa upande wa Gakoromone, sikumwona. Nilipompigia mama simu alisema baba ametoka kidogo. Hata mama.

Ijumaa tulipanga fomu kwa namba za magari. Nikaikuta fomu ya pikapu ya jirani, kwa mwandiko wa msichana niliyefanya naye kazi, aliyekuwa ameshika nafasi yangu Jumanne hiyo. Anakokwenda: Nkubu. Sababu: hospitali, kila Jumanne.

"Huyu mzee alikwambia hivi?" nikamuuliza.

"Yeye mwenyewe. Hata nilimhurumia. Alisema hii jamu inamchelewesha, akifika laini imekuwa refu, na yeye hawezi simama sana. Mzee mpoa. Hao wengine wote ni hapo mbele."

Sikuelewa, na mpaka leo sijui kama naelewa. Msichana asiyemjua alipewa ukweli wote, mimi mwanawe nikapewa jibu la watu wa barabarani. Labda mtu hamwambii babake kwamba anaumwa. Labda alijua ningeanza kuuliza mambo mengi mbele ya watu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini yeye hakuyaficha, alinificha mimi tu. Niliogopa, tena sana.

Mkubwa alipokuja kutazama hesabu ya mpaka siku hiyo alifurahi: karibu kila mtu alikuwa anaishia mjini, kwa hivyo baipasi haikuwa na haja. Nilimwambia nusu ya majibu hayo ni adabu tu, nikamwonyesha fomu ya baba, anayeupita mji kwenda Nkubu.

"Hiyo ni moja," akasema.

Niliirudisha kwenye rundo, maana kweli ilikuwa moja.

Jumanne ya tatu nilimwomba msichana anirudishie nafasi yangu. Pikapu ikafika, ikakwama palepale pa siku zote. Jirani akashusha kioo akingoja swali. Sikuuliza. Nilivua jaketi, nikaiweka juu ya stuli pamoja na fomu, nikazunguka nikafungua mlango wa upande wa baba.

Alinitazama, kisha akayatazama magari yaliyosimama mbele yetu.

"Na wewe baba, unaenda wapi?"

"Hapo mbele tu."

Akasogea, nikakaa.