Nyota za Majivu kwenye Kaniki ya Bibi

Enzi zetu pale Kimamba, anga za juu zilikuwa kaniki nyeusi ya Bibi. Tuliitandika mezani, tukachovya vidole kwenye majivu ya jikoni, tukadondosha nyota. Wa rika langu mnaijua harufu ya kaniki iliyokaa sandukuni, moshi na sabuni ya mche. Bibi akiikuta vile alisema, "Nyie, nikifiwa kesho niende msibani nimevaa nyota?" Kisha anaikung'uta uani, kuku wanakimbia.

Vyombo vyetu vya kupigania huko angani vilikuwa visoda, vifuniko vya chupa za soda. Kisoda kilichopondwa kwa jiwe na kukunjwa pua ndicho ndege ya kivita. Kopo la samaki ndilo manowari. Wazo lilitoka kwenye karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi, yenye picha ya watu wazima, na ndevu zao, wameinamia meza ya mchezo iliyojaa vyombo vidogo vya angani. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, hatukuambulia kitu. Sheria tukatunga wenyewe, mimi na Hamza, mtoto wa jirani ambaye baba yake alifanya kazi reli.

Kwa kuwa tulikulia kando ya reli, hatukuwaza kwamba kitu kinaweza kugeuka bila kona. Tukaokota spoku mbovu kwa fundi baiskeli, tukazikata vipande vya kutosha kiganjani, tukazipinda. Moja ndefu tuliiacha imenyooka, nyingine ikawa na kona pana, nyingine fupi kabisa yenye kona kali. Kila mtu anachagua yake kwa siri, anaifunika kwa kiganja, halafu tunafunua pamoja. Spoku inawekwa mbele ya pua ya chombo, chombo kinahamia mwisho wake. Ile fupi ilikuwa ya manowari tu. Ndege ya kasi ilipaswa kwenda, itake isitake, na ikitoka nje ya kaniki imepotea. Risasi zilitoka kwa mbele tu, kwa hiyo aliyekukalia nyuma amekumaliza.

Mimi kasi ilinitia wazimu. Kila mara nilichukua spoku ndefu, nikamrukia adui, nikampita, nikaangukia sakafuni. Hamza alicheka mpaka akashika tumbo.

"Wewe unarusha ndege kama umetumwa chumvi na mboga iko jikoni," alisema. "Usiende lilipo kopo. Nenda litakapokuwa. Anza kukata kona kabla hujalifikia, ndege yako nyingine ilichokoze kwa mbele, wewe uzunguke mkiani."

"Na nikikaribia ukingo?"

"Ukingoni spoku ndefu usiiguse. Hata ukiota umeishika, amka."

Nilijifunza polepole. Shuleni sikuwa na subira hiyo, niliacha mapema, lakini kwenye kaniki niliweza kukaa mpaka Bibi aniite kula ugali na mlenda mara ya pili, na Bibi hakuwa mtu wa kuita mara ya tatu.

Kisha baba yake Hamza akahamishiwa Tabora. Visoda na spoku tulikuwa tumevitengeneza wote wawili, na hakuna aliyetaka kugawana, maana nusu ya vita si vita. Tukakubaliana: mchezo wa mwisho, atakayeshinda achukue vyote.

Tulicheza mchana kutwa, mizigo yao ikifungwa nje. Mwisho nikabaki na manowari karibu na ukingo wa meza, na Hamza amebaki na ndege moja, iko mkiani kwangu. Alihitaji kona pana tu, nimekwisha. Tukafunika viganja. Tukafunua. Mkononi mwake kulikuwa na ile ndefu iliyonyooka. Ndege yake ikanipita, ikavuka nyota zote, ikalia sakafuni.

"Mkono umeteleza," alisema.

Mkono wa Hamza haukuwahi kuteleza. Alikung'uta kaniki mwenyewe, akaikunja vizuri, akamwambia Bibi, "Shikamoo, naaga." Bibi akaitika marahaba, akamfungia maandazi ya njiani.

Tangu hapo nimekata miwa Ruhembe, nimepakia vitunguu, nimelala miji ambayo majina yake nimeyasahau. Spoku zile ziko kwenye begi langu mpaka leo, zina kutu. Juzi pale Mikumi, penye malori, nilimkuta kijana anarusha vyombo vya angani kwenye simu, vidole vinakwenda kama vimeungua. Nikamtolea spoku nikamweleza. Alizigeuza, akauliza kwa heshima zote, "Mzee, sasa hizi zinachajiwa wapi?"

Nilimtazama akicheza. Alilipuliwa, akafufuka, akalipuliwa tena, akafufuka. Anacheza na mtu asiyemjua, aliye nchi asiyoijua, na akishindwa anabonyeza tu. Ni mwepesi kuliko tulivyokuwa sisi, hilo nakiri. Ila nilitaka kumuuliza kama kuna mtu huko ndani aliyewahi kumwachia ashinde, naye akauona uso wa huyo mtu wakati anafanya hivyo. Nikazirudisha spoku begini, chaji ilikuwa inamwishia.