Kapteni wa Kaa na Gambuti Lililozidi Mguu

Ni Jumamosi asubuhi, na vumbi la uwanja wa Shauri Moyo halijatulia tangu watoto wa mpira waombwe wapishe. Patrobas Okumu amepiga magoti katikati ya uwanja. Anafunga mtungi wa plastiki uliojazwa mchanga kwenye kamba nene kama mkono wa mtoto. Anakaza fundo, analivuta, halimridhishi. Analifungua, analifunga upya.

"Kapteni, hata hilo la kwanza lilikuwa poa!" kijana mmoja anamwambia.

"Poa ya wapi?" anajibu bila kuinua kichwa. "Ya hapa? Hapa hata uzi wa kiatu ni poa."

Vijana wanacheka. Simu zimeinuliwa juu, kila mmoja anataka picha ya Kapteni Kaa akifunga fundo.

Pembeni, kwenye ua wa mabati, mkewe Celine Adhiambo amesimama na kiondo begani. Yeye hacheki. Ndani ya kiondo mna jozi ya magambuti meusi, buti ndefu za mpira, na kooni mwake mna maneno anayoyameza tangu Jumatatu.

"Watu wote hawa wana kapteni," anasema, akiwatazama wale vijana. "Mimi natafuta mume wangu na baba ya mtoto wangu, simpati."

Okumu, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alizaliwa hapa hapa, katika nyumba za zamani za baraza la jiji, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mtu mzima kabla hajaiona bahari. Alianza kwa kuosha mitego na kukata chambo, akapanda ngazi polepole, na leo ni nahodha wa meli ya kuvua kaa kusini kabisa mwa Atlantiki, kwenye baridi ya kupasua midomo. Akiondoka, hukaa miezi sita. Mabaharia ishirini hungoja neno lake.

Kazi yenyewe, Celine anaieleza vizuri kuliko wengi wanaojifanya wanaijua. Mtego mmoja ni wa chuma, na ukiwa mtupu una uzito wa mfuko wa saruji. Mitego mingi hufungwa kwenye kamba moja ndefu, kisha humwagwa baharini meli ikiwa inatembea.

"Wa kwanza ukizama unavuta kamba, kamba inauvuta wa pili, wa pili unauvuta wa tatu," anasema. "Hivyo hivyo mpaka iishe. Ikishaanza, haina breki. Hata ukipiga nduru, bahari haisikii Kiswahili."

Kwa hivyo, anaongeza, sheria ya kwanza ya sitaha ni moja tu: usiweke mguu ndani ya mviringo wa kamba.

Ajabu ni kwamba umaarufu wa mumewe ulitokana na mguu uliowekwa mahali hapo hapo.

Miaka miwili iliyopita, mpishi wa meli alirekodi video fupi. Ndani yake Okumu anaonekana akiruka juu ya kamba inayokimbia, mikono hewani, meno yote nje, mguu mmoja ukipaa kama wa mcheza densi. Video ikaenea. Mtaani ule mruko ukawa mtindo. Umechezwa kwenye harusi, umechezwa na kwaya ya vijana, na mwalimu mmoja alimwalika shuleni azungumze na watoto juu ya kazi, kisha akamwomba aruke kabla ya kuketi.

"Wanaojua kuruka ni wengi kuliko wanaojua kaa anafanana na nini," Celine anasema kwa kuchoka.

Hilo ni kweli. Okumu alipoleta kaa wa barafu nyumbani, jirani yao Asenath alifunua sufuria, akarudisha kifuniko haraka na kuuliza, "Mama Jack, hii ni mboga ama ni buibui?" Sufuria nzima ililiwa na Okumu peke yake.

Lakini yote hayo Celine angeyavumilia. Kilichomtoa usingizini ni cha Jumatatu.

Mtoto wao wa kwanza, Jackton, ana miaka ishirini na mmoja. Alikuwa akijifunza kuchomelea vyuma kwa mafundi wa jua kali, na mkono wake ulikuwa umeanza kusifiwa. Kisha nafasi moja ya baharia ikapatikana kwenye meli ya babake, inayong'oa nanga mwezi ujao. Neno la nahodha linatosha. Jackton akarudisha miwani ya kuchomelea kwa fundi wake, akaanza kupanga mkoba.

"Tulikuwa mezani," Celine anasimulia. "Baba Jack anasema hivi, kama mtu anayeomba chumvi, 'Huyu nitamchukua.' Nikauliza, umchukue umpeleke wapi? Wakanitazama wote wawili kama mimi ndiye mgeni."

Kabla hajapata jibu la maana, Asenath alikuwa ameshasimama kanisani kutangaza safari ya Jackton na kuomba maombi. Celine akaitwa mbele, akapigiwa makofi.

"Ningesema nini pale?" anauliza. "Kwamba mimi namwomba Mungu amnyime? Ukiwa na mume baharini unalala na jicho moja wazi. Sasa niongeze mtoto, nilale na nini?"

Kuna jambo Celine analijua ambalo wapiga makofi hawalijui. Safari ile ya video, mumewe alirudi nyumbani na magambuti mawili yasiyofanana. La kushoto lilikuwa kuukuu, limepauka kwa chumvi. La kulia lilikuwa jipya.

Alimuuliza. Okumu akasema liliibwa.

"Nikamwambia, mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini mwizi wa gambuti moja sijawahi kumsikia."

Ilichukua siku kadhaa kumfungua mdomo. Wavuvi wa kaa, akamweleza hatimaye, huvaa buti zinazozidi mguu kwa namba mbili. Si kwa sababu ya soksi. Ni ili kitanzi cha kamba kikikushika, kiondoke na buti na kukuachia mguu. Naye siku ile alishuka sitahani kumsaidia baharia aliyezidiwa, akakanyaga ndani ya mviringo, yeye mwenyewe, kapteni anayewapigia wenzake kelele kila siku. Kamba ikamshika. Ule mruko ni mtu anayejinasua. Mpishi alikata video kabla gambuti halijaonekana likizama.

"Nikamwambia, basi waambie watu," Celine anasema. "Ananijibu, 'Mama Jack, mtu ameshapigiwa makofi miji yote hii, arudi kusema alikuwa anakufa?' Hata kwa mtoto wake hajasema. Mtoto anaondoka kwenda kuruka!"

Ndipo wiki hii Celine akatoa sharti lake. Kabla mkoba haujafungwa, Okumu amwonyeshe kazi hiyo hapa Shauri Moyo, kwenye nchi kavu, mbele ya macho yake. Okumu, kwa kuchoka kugombana, akakubali. Mitungi ikawa mitego. Pikapu ya Gachanja, mfanyabiashara wa mitumba, ikawa meli.

"Kapteni, nikivunja gia hapa utanilipa na wale buibui wako?" Gachanja anauliza, kichwa nje ya dirisha.

"Wewe endesha polepole tu."

"Polepole ya bahari ama ya Jogoo Road? Kwa sababu kwa foleni ya Jogoo Road, sasa hivi mimi ningekuwa nimesimama!"

Kamba imepangwa chini kwa miviringo, mwisho wake umefungwa nyuma ya pikapu. Jackton anajitokeza, viatu vya raba vyeupe miguuni. Hapo Celine anatoka kwenye ua wa mabati, anafika katikati ya uwanja na kutoa magambuti kwenye kiondo.

"Vaa."

"Mum, please. Hizi ni kumi na moja. Mimi ni tisa."

"Nimekwambia vaa."

Vijana wanapata cha kusema. "Jack, niaje! Gambuti zikifika kwanza, zitatuambia uko wapi?" Mwingine anadakia, "Hizo ni za kuishi, si za kuvaa! Ni bedsitter!"

Jackton anamtazama babake amwokoe. Okumu anaiangalia kamba, kisha anamwangalia mkewe, na sauti yake inakuwa ndogo. "Vaa alivyosema mamako."

Pikapu inaondoka. Mtungi wa kwanza unaruka kutoka mahali pake, wa pili unafuata, na kamba inaanza kujikunjua chini kama kitu chenye hasira. Okumu anapaza sauti, na kwa mara ya kwanza watu wa mtaa wanasikia sauti anayoitumia kazini. "Miguu nje! Nje ya mviringo! Tazama kamba, usinitazame mimi!"

Raundi ya kwanza Jackton anaifanya vizuri. Anasukuma mitungi, anarudi nyuma. Hata Celine anakiri alipumua kidogo.

Raundi ya pili, mtu anapiga kelele, "Kapteni Kaa Junior! Tupe ile kitu!" Simu zinapanda. Na Jackton, aliyekuwa akiitazama video ile kwa miaka miwili, anatabasamu, anaingia ndani ya mviringo na kuruka.

Anaruka vizuri sana. Lakini akitua, kitanzi kiko pale pale kinamngoja.

Hakuna aliyeona kilivyokaza. Kilichoonekana ni kijana chali mavumbini, soksi moja juu, na gambuti likiruka-ruka nyuma ya pikapu kama kuku anayefukuzwa.

Uwanja mzima unalipuka kwa vicheko. "Moto! Moto sana!" wanashangilia. Kijana mmoja anakimbia mbele na simu yake. "Jack, rudia! Mimi sikuishika vizuri!"

Celine hapigi nduru. Anamgeukia tu mumewe, anamtazama.

Okumu anatembea uwanja mzima hadi goli la mbali, ambako Gachanja amesimamisha gari. Anafungua kitanzi. Anarudi na gambuti mkononi. Limeminywa katikati kama chupa ya maji iliyokanyagwa, na kisigino kimechanika hadi ndani.

"Hii ni pikapu ya mitumba, na ilikuwa gia ya kwanza," anasema. "Aliyesema arudie yuko wapi?"

Analiinua gambuti juu wote walione.

"Ile video mnaipenda sana. Sikuruka. Nilikuwa nimenaswa, namna hii hii. Mnachocheza kwenye harusi zenu ni mimi nikikaribia kufa."

Simu zinaanza kushuka. Kisha kijana wa simu anauliza, taratibu, "Lakini Kapteni, si ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa nimeuma meno."

Jackton bado ameketi chini. Anaugusa mguu wake, vidole kimoja kimoja, kama anayehakikisha vyote vimerudi. Hamtazami babake. Anamtazama mamake, kisha anaona haya na kuinamisha macho.

Siku hiyo hiyo Okumu aliweka video mpya mtandaoni, ameshika gambuti lililochanika na kueleza kila kitu. Watu wachache mno wameitazama. Maoni mengi yaliyo chini yake yanamwomba aruke tena.

"Unawaambia watu ukweli, wanakuuliza muziki uko wapi," anasema, akipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Mvua na mawimbi nimeyazoea. Hii ya kushangiliwa ndiyo imenishinda."

Meli itaondoka mwezi ujao na nahodha wake, bila Jackton. Nafasi ile Okumu ameitoa kwa baharia mzoefu. Mpango wa Okumu ni kwamba, akirudi, kila Jumamosi awe uwanjani na kamba yake, na asimpendekeze kijana yeyote, awe wake au wa jirani, ambaye hajakaa mwaka mzima kwenye mazoezi hayo. Gachanja ameahidi pikapu, ingawa bado anauliza habari ya gia. Jackton amerudi kwa fundi wake kuomba miwani.

Jioni ya Jumamosi ile, wakiwa mezani, kijana alikuwa akibonyeza ugali tu. Kisha akauliza, "Baba, kwani mtu anafaa kusimama wapi?"

Okumu alifurahi hata akaacha kula. Akachukua uzi wa kushonea wa mkewe, akaupanga mezani kwa miviringo, akaweka kikombe hapa na kijiko pale, na wawili hao wakainamisha vichwa pamoja. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa: miaka miwili kila mtu amemuuliza namna ya kuruka, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza mahali pa kusimama.

Celine alisikia swali lile tofauti. Mtoto anayeuliza mahali pa kusimama, anasema, hajaacha wazo la kwenda.

"Basi na aulize," anasema, akiondoa vyombo kwa kelele zaidi ya inavyohitajika. "Aulize mwaka mzima. Nimeshindwa na hawa watu."

Gambuti lililochanika Celine hakulitupa. Alilipiga msumari juu ya mlango, kwa ndani, mahali ambapo kila anayetoka ni lazima aliinamie kidogo. Wageni wanauliza ni pambo gani hilo. Jackton haulizi. Kila asubuhi akitoka kwenda kazini hulitazama, na mamake huwa amesimama jikoni akimtazama yeye.

"Siku atakayopita hapo bila kuinua macho," Celine anasema, "siku hiyo mkoba wake naufungua mwenyewe, na nguo naziloweka kwenye maji, asiende na meli yoyote."