Meza Moja na Mama Mkwe

Iko Jumapili moja, mwanangu Wande, ambayo siwezi kuisahau hata nikitaka. Wewe ulikuwepo, ila ulikuwa hujaota hata jino. Nakuandikia sasa, ukiwa bado unatambaa, kwa sababu hasira yangu bado ni ya moto, na mimi nikishapoa huwa nasema mambo kwa adabu mno mpaka yanapotea. Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi mvi sina hata moja. Lakini nitakachokwambia nilikipata kwa mzee, na mzee huyo ni bibi yako, mama yangu mzazi.

Bibi yako alivuka ziwa kutoka Sengerema na kivuko cha Kamanga wiki uliyozaliwa, akaja kwetu Igoma kunilea uzazi. Akapika, akafua, akakukanda wewe, akanikanda na mimi. Baba yako akawa anakula sebuleni, bibi anakula jikoni kwenye kigoda, mlango umeegeshwa. Kwa jinsi alivyolelewa yeye, mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akiwa na neno la kumwambia anampitishia mtu mwingine. Wakati ule alikuwa anakupitishia wewe. "Wande, mwambie baba yako mkaa umeisha." Nawe unamtolea macho tu, mate yanakutoka, na baba yako anakwenda kununua mkaa.

Baba yako kakulia Dar. Huko kwao mtu na mama mkwe wake wanakaa meza moja na kutaniana. Nilimweleza mila yetu, nikarudia tena na tena, akawa ananisikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la redio. Moyoni alikuwa na lake, na siku moja akalitoa.

"Tangu mama yako aje sijamwona akitafuna hata karanga. Mimi kwake ni nani?"

Nikamwambia ni heshima. Akasema hajawahi kuona heshima ya kumkimbia mtu ndani ya nyumba yake.

Ikafika wakati bibi anataka kurudi Sengerema kuvuna mpunga wake. Tulikuwa tumepatana, mimi na yeye, kwamba akimaliza kuvuna arudi akae na wewe, maana mimi nilikuwa naanza tena kazi kwenye duka la dawa. Angevuka Jumatatu. Ndipo baba yako akasema Jumapili ile anatupeleka kula mchana kwenye mgahawa wa Mtaliano mmoja, kule Capri Point, amshukuru mama kwa malezi. Nilifurahi, sikufichi. Nikamwomba achukue meza mbili, moja yangu na mama, nyingine yake, kando kidogo. Akasema sawa.

Mahali penyewe, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Umepanda miamba, umeingia mlango mdogo wa kawaida, halafu ghafla ukuta mzima wa mbele ni kioo, na nyuma ya kioo ni ziwa lote, limetulia kama limeambiwa watu wanakula. Hakuna redio, hakuna televisheni. Watu wanaongea kwa sauti ya kanisani. Vitambaa vya meza ni vyeupe mpaka unaogopa kuweka kiwiko. Upande wa ndani kuna dirisha kubwa la jikoni, unawaona wapishi wameinamia sahani, wanapanga majani kwa vibanio vidogo kama vya kutolea mwiba mguuni. Nilisimama pale mlangoni nikasahau kuwa nimekubeba.

Halafu nikaona meza yetu. Ilikuwa moja, ina viti vitatu.

Nikamvuta baba yako koti. "Tulisemaje?"

Akaninong'oneza bila kunitazama. "Leo akila na mimi, nitajua nimekubaliwa kwenu. Asipokula, akivuka kesho abaki hukohuko. Mtoto tutatafuta msichana wa kazi."

Hasira ilinipanda. Lakini bibi yako alikuwa ameshakaribishwa kiti, na huwezi kumwinua mzee aliyekwisha kukaa.

Aliyetuhudumia alikuwa dada anaitwa Jesca, amevaa nyeusi tupu. Akampa bibi shikamoo yake vizuri, akatueleza utaratibu. Hapo mtu hachagui chakula. Mpishi mkuu anakuletea anachotaka yeye, vitu vidogovidogo, sahani baada ya sahani mpaka saba. Na sahani inayofuata haitoki jikoni mpaka meza nzima iwe imemaliza iliyopo.

"Hata kama mmoja hana njaa?" nikauliza.

"Mpishi anataka watu wa meza moja wale pamoja, dada. Ndivyo anavyofanya kazi."

Nikamtazama baba yako. Baba yako akatazama ziwa.

Cha kwanza kililetwa juu ya jiwe. Jiwe la kweli, la hapohapo ufukweni, limeoshwa. Juu yake dagaa wachache wamekaangwa wakawa kama vioo, wamelazwa kwenye mkate mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Dagaa mimi nimewala tangu nikiwa tumboni. Sikuwahi kujua wana utamu wa namna ile. Kwanza inakuja chumvi, halafu ndimu, halafu kitu kingine kama hewa ya ufukweni asubuhi, kabla watu hawajaamka. Hasira yangu ilikaa pembeni ikisubiri nimeze.

Bibi yako alikuwa amekaa ubavu, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, amekupakata wewe. Jiwe lake halijaguswa.

"Wanaanika dagaa juu ya mawe mpaka mezani," akaninong'oneza, na nikamwona anameza mate. Alitoka kanisani bila chai. Alikuwa na njaa ya kweli.

Tukasubiri. Jesca akaja, akaona jiwe la bibi, akarudi. Akaja tena, akarudi tena. Mimi na baba yako tumeshamaliza, mawe mbele yetu matupu, na kule jikoni naona sahani zetu zinazofuata zimepangwa mezani zinatusubiri sisi.

Baba yako akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo naijua na siipendi, "Mwambie mama ale. Watu wanamsubiri yeye."

"Wande," bibi akasema, ameinamia kichwa chako, "mwambie baba yako nimeshiba."

"Ameshiba nini?" baba yako akaniuliza mimi. "Sala?"

Basi mpishi mwenyewe akatoka. Mtaliano mzee, ndevu fupi nyeupe, aproni ina unga. Akasimama mbele ya bibi, mikono ameikunja kwa mbele. "Mama, chakula kibaya?" Uso umemsawijika, mtu mzima yule, kama mwanafunzi aliyeitiwa matokeo akakosa jina lake. Bibi akazidi kuinama. Meza za jirani zikageuka kutazama.

Hapo nililipuka. "Baba Wande, meza hii umeipanga wewe. Umemtoa mzee wa watu nyumbani uje umfanyie mtihani kwenye kitambaa cheupe. Kama unataka kuona kiumbe akitafuna, kanunue mbuzi umfunge uani."

Mtu wa meza ya nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Baba yako akawa kama amemwagiwa maji.

Nilidhani bibi yako atafurahi kwamba nimemtetea. Alinigeuzia uso, na macho yake, mwanangu, sijayaona vile tangu nilipokuwa darasa la tatu.

"Minza. Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Huyu ni mume wako. Amenitoa jikoni akanileta mahali ambapo sijawahi kufikishwa na mtu yeyote, hata na mwanangu wa kumzaa. Na wewe unamvua nguo mbele za watu, na mimi nikiwepo. Nilikulea hivyo?"

"Hapana, mama."

"Muombe radhi."

Nikamuomba radhi. Sikutaka, lakini nilimuomba, kwa sababu ukiambiwa na mama yule, kwa sauti ile, huna pa kwenda.

Halafu akakuinua wewe, akakusimamisha magotini kwake, akaanza kuongea na upara wako.

"Wande, mwambie baba yako hivi. Pale gulioni kwetu mimi nakula mbele ya kila mtu. Wapagazi, walevi, madalali wa ng'ombe, nakula nimeegemea gunia, mafuta yananichuruzika. Wale si chochote kwangu. Yeye ni mkwe wangu. Mtu ninayemstahi hivyo, mbele yake mdomo wangu haufunguki. Mwambie sijui kufanya vingine."

Wewe ukapiga chafya.

Neno lile la heshima mimi nilishamwambia baba yako mpaka nikachoka. Lakini lilipotoka kwenye kinywa cha bibi mwenyewe, kinywa kilekile alichokuwa anataka kukiona kikitafuna, nililiona linamwingia. Akatazama ziwa, na safari hii hakuwa anakwepa macho yangu. Halafu akasimama, akamgeukia Mtaliano.

"Mzee, huko jikoni kuna pa kukaa?"

Jesca akatafsiri. Mpishi akamtazama baba yako, akamtazama bibi, akaona ile kanga ilivyoshushwa. Sijui alielewa kiasi gani.

"Kukaa hapana," akasema. "Kusimama, ndiyo."

Baba yako akachukua uma wake na kitambaa chake, akaenda. Meza ile aliitamani tangu mgahawa unajengwa, mwanangu. Kiti chake ndicho kilichokuwa kinaliona ziwa lote. Alikiacha akaenda kusimama kwenye moshi.

Bibi alisubiri mlango wa jikoni ujifunge. Akageuza kiti chake kikaelekea ziwa, dirisha la jikoni likawa mgongoni kwake. Akaisukuma kanga nyuma, akasali kifupi, akawala wale dagaa. Akafumba macho. Hakuyafumbua haraka.

Kuanzia hapo sahani zikaanza kutoka. Sato mbichi, amekatwa mwembamba mpaka unaona rangi ya sahani kupitia kwake. "Hawakupika?" bibi akauliza. Nikamwambia ndivyo anavyoliwa. "Haya, kama wenyewe hawaogopi." Kikaja kifuko kimoja tu cha unga wa ngano, laini kama ncha ya sikio lako, kimelala katikati ya sahani kubwa nyeupe. Bibi akakikata kwa upande wa uma, na kiini cha yai kikatoka chenyewe, cha njano iliyoiva, kikatanda polepole kwenye siagi. Akaweka uma chini.

"Minza."

"Naam, mama."

"Mtu alikaa akalifikiria hili."

"Ndiyo, mama."

"Alikaa sana." Akatikisa kichwa, taratibu, kama ninavyomwona akitikisa kanisani likisomwa neno linalomzidi. "Ili mtu mwingine ale mara moja, liishe."

Nami nikakitazama kile kiini, mwanangu. Nikamtazama na mwanamke huyu wa Sengerema aliyekuwa na njaa tangu asubuhi, aliyetegewa mtihani kwa chakula chenyewe, na bado ana nafasi moyoni ya kumstaajabia mpishi. Sikujua nimshangae yupi.

Ulianza kulia, nikakunyonyesha palepale.

Ukaja wali wao wa uji mzito, una jibini na vipande vya sangara aliyefukizwa moshi. Bibi akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini. Akaomba sahani safi. Akagawa wake katikati, akahamishia nusu humo, akaipangusa kingo sahani ile kwa kidole chake mpaka ikapendeza, akaifunika na kitambaa, akampa Jesca.

"Mpelekee mkwe wangu. Mwambie imetoka mkononi kwangu."

Bibi alikuwa amelipa jiko mgongo, hakuona kitu. Mimi niliona. Baba yako alikuwa amesimama kati ya wapishi wawili, koti amelivua, anakula juu ya meza ya bati. Jesca akamfikishia, akamwambia. Baba yako akaweka uma chini, akafuta viganja kwenye suruali yake ya harusi, akaipokea, na akapiga goti, si mpaka chini, lakini alipiga, mbele ya jiko la Mtaliano. Wapishi wakaacha kazi. Hakuna aliyecheka.

"Kapokea?" bibi akauliza, anatazama ziwa.

"Kapokea."

"Kwa mikono yote?"

"Yote miwili, mama."

"Haya. Kula, kinapoa."

Kesho yake alivuka, na mpunga ulipovunwa akarudi. Mpaka leo anakula jikoni, mlango umeegeshwa, na baba yako hagusi chake sebuleni mpaka amesikia kijiko cha bibi kimeanza.

Sasa sikiliza, Wande. Hasira iliyonibakia simwekei baba yako. Naiwekea ile tabia ya kumfanyia mtu wema halafu unamshikia kipimo, kwamba asipoupokea kwa namna yako basi hakupendi. Karibu tumpoteze bibi kwa wema wa namna hiyo. Ukimwalika mtu, kwanza uliza anakulaje, ndipo uulize anakula nini. Mtu akikukatalia jambo, usiharakishe kusema amekudharau. Mtafute akwambie kwa kinywa chake, na umsikilize mpaka mwisho. Ikibidi mmoja ahame kiti, hama wewe mwenye nguvu ya kuhama. Na siku ukiwa na haki kama niliyokuwa nayo mimi pale mezani, usiitumie kumwaibisha mwenzio. Hilo nililipata kwa kugombezwa, na sikugombezwa bure.

Mungu akukuze, mwanangu. Akufikishe penye vioo na vitambaa vyeupe, na uingie bila woga. Akupe watu wa kukustahi na watu wa kuwastahi. Mkono wako utoe chakula na upokee chakula, na popote utakapoketi, uketi na amani.